“Tuko salami Getting”: uhakiki wa kihisi, kibodi na lawama tunazowapa wazazi

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 niliamshwa na simu ya rafiki niliyesoma naye sekondari. Hakusalimia. “Umesikia ya Hanang?” Nikasema sijasikia. Tope, mawe na magogo yalikuwa yameporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Siku zilizofuata tulikuja kujua kwamba zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Asubuhi ile hakuna niliyemuuliza aliyejua kitu kwa uhakika, na kwetu ni Gitting, wilaya hiyohiyo, mlima huohuo. Nikampigia Mama.

Akapokea. “Haloo, mwanangu…” Ikakatika. Nikapiga tena. “Haloo…” Ikakatika. Mara ya tatu hivyohivyo. Mara ya nne haikukatika, ila sikusikia kitu, kimya kabisa, huku sekunde zinahesabika kwenye kioo. Sijui kama umewahi kupiga nyumbani siku ya namna hiyo ukajibiwa na kimya. Dakika kama kumi baadaye ukaingia ujumbe wa mdogo wangu:

“Tuko salami Getting. Mama hajambo.”

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Salama imegeuka salami, soseji ya Kiitaliano. Gitting imegeuka Getting. Lakini ujumbe ulieleweka, na siku ile hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Nilipoenda nyumbani Krismasi, habari ile ilikuwa imeshakuwa utani wa familia: Mama hajui simu. Anakata watu. Anajizima maiki mwenyewe. Mimi nami nilitania, tena nikiwa na shahada ya uzamili ya sayansi. Mama alisema neno moja tu, na alikuwa amelisema kabla yetu sote: “Hii simu inanikatia yenyewe.” Hakuna aliyemsikiliza.

Nataka tuhakiki vitu viwili vilivyofanya kazi vibaya asubuhi ile: kihisi kinachozima kioo ukiweka simu sikioni, na kibodi inayokusahihisha ukiandika. Kila kimoja ni kero ndogo, ya kwenda kwa fundi ukipata nafasi. Hoja yangu ni kwamba kero hizi mbili zina chanzo kimoja: simu inapima kitu kimoja, halafu inakiita kwa jina la kitu kingine. Ukishaelewa hilo, utajua pa kuanzia unapotengeneza, na utajua pia nani hastahili lawama.

Kihisi: kinapima mng’ao, kinauita umbali

Mafundi wengi wanakiita “sensa”. Mimi nitasema kihisi, usije ukadhani nazungumzia ile ya watu na makazi ya 2022. Kazi yake ni moja. Ukiwa kwenye maongezi na simu iko sikioni, kizime kioo pamoja na mguso wake ili shavu lisibonyeze kitu. Ukiitoa sikioni, kioo kiwake.

Kwenye simu nyingi kihisi hiki kiko juu ya kioo, jirani na spika ya sikioni. Ndani yake kuna taa ndogo ya LED inayotoa mwanga wa infraredi, na pembeni yake kipokezi kinachosubiri mwanga urudi. Macho yetu yanaona mwanga wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Taa hii mara nyingi hutoa mwanga wa karibu nanomita 940, ndiyo maana huoni kitu. Mwanga unatoka, unagonga shavu, sehemu yake inarudi. Ukirudi mwingi kupita kiwango kilichowekwa, simu inasema “karibu” na kuzima kioo. Ukipungua, inasema “mbali” na kukiwasha. Tena taa haiwaki mfululizo, inapepesa. Simu inalinganisha kinachopokelewa taa ikiwa imewaka na ikiwa imezimwa, ili itoe kwenye hesabu infraredi inayotoka juani.

Kiukweli ni kazi nzuri ya uhandisi. Ni ndogo, ni rahisi, haili betri. Lakini angalia vizuri kinachopimwa. Kihisi hiki hakipimi umbali, kinapima mng’ao uliorudi, halafu kinauita umbali. Kwa mtu anayeweka shavu tupu kwenye kioo kisafi, mng’ao na umbali vinakwenda pamoja, na kila kitu kiko sawa. Badilisha chochote kati ya hivyo viwili na hesabu inaharibika. Karatasi nyeupe iliyo mbali kidogo inaweza kurudisha mwanga sawa na kitu cheusi kilicho karibu sana. Zipo aina nyingine za vihisi zinazopima muda wa mwanga kwenda na kurudi, na hizo ndizo zinazopima umbali kweli. Sicho kilichokuwa kwenye simu ya Mama.

Swali linalokuja haraka ni la ngozi. Je, ngozi yetu nyeusi inakisumbua? Kwa kihisi cha simu jibu ni kwamba si sana, kwa sababu melanini hufyonza infraredi kidogo kuliko inavyofyonza mwanga tunaouona. Kinachosumbua zaidi ni nywele nyeusi, rasta zilizoanguka usoni, mtandio, au shuka ulilojifunika kichwa asubuhi ya baridi. Na usiamini macho yako kwenye rangi: vitambaa viwili vinavyoonekana vyeusi sawasawa vinaweza kutofautiana kabisa kwenye infraredi, kimoja kikarudisha mwanga mwingi na kingine kikaumeza.

Kwa hiyo kihisi kina magonjwa mawili, na dalili zake zinapingana.

La kwanza ni kutoona. Mwanga haurudi, simu inaamini uko mbali muda wote, kioo kinabaki kimewaka, shavu linabonyeza kitufe chekundu au linazima maiki. Kwa anayekupigia inaonekana umemkatia.

La pili ni kuona kila wakati. Kuna kitu kimekaa mbele ya kihisi kinarudisha mwanga muda wote, kama vile uchafu, mafuta ya ngozi, au protekta iliyoingiza hewa chini yake. Simu inaamini uko karibu daima. Ukipiga tu, kioo kinakuwa cheusi na hakirudi. Umepiga huduma kwa wateja, unaambiwa bonyeza moja kwa Kiswahili, hiyo moja huioni. Maongezi yameisha, huwezi kukata.

Mama alikuwa na la kwanza. Usiku wa mkesha wa Krismasi nilichukua simu yake, nikajipigia, nikasogeza karatasi nyeupe taratibu kuelekea juu ya kioo. Hakikuzima. Nikaigusisha kabisa, bado kimewaka. Nikatazama protekta: ilikuwa na fremu nyeusi pembeni, na haikukatwa kwa ajili ya simu ile. Fundi mmoja mjini alikuwa ameibandika kwa sababu ukubwa ulikaribiana. Fremu nyeusi ilikuwa imekaa juu ya kihisi.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kwenye simu ambazo kihisi kimefichwa chini ya ukingo mweusi wa kioo, weusi ule juu ya kihisi si wino wa kawaida. Ni wino maalumu unaoonekana mweusi kwa macho lakini unapitisha infraredi. Wino wa fremu ya protekta ya bei rahisi hauna sababu ya kuwa hivyo. Kwa macho ya fundi, nyeusi juu ya nyeusi ni sawa. Kwa kihisi, dirisha limezibwa kwa matofali.

Nikaibandua. Nikapiga tena, nikasogeza karatasi: kioo kikazima kabla haijagusa. Nikampa Mama aongee na dada yake wa Babati. Waliongea mpaka bando likaisha. Alipomaliza aliniangalia tu akasema, “Si nilisema?”

Sifa niliyoitoa kwa uhandisi sasa inakuja na lawama. Simu ile iliweza kuniambia betri imebaki asilimia ngapi, na iliweza kumwambia Mama kwamba kuna toleo jipya la programu. Lakini maongezi yake yote yalipita bila kihisi kusema “karibu” hata mara moja, huku yakikatwa kwa mguso wa kioo ndani ya sekunde chache, tena na tena, na haikuwahi kuandika sentensi moja: “Huenda kuna kitu kimeziba kihisi.” Taarifa za kutosha kushuku hilo zilikuwa humo ndani. Hakuna aliyeiagiza simu ishuku. Iliagizwa imwamini kihisi, na kama kihisi na mtu wakipingana, mwenye kosa ni mtu.

Usidhani nakuza jambo. Makosa ya namna hii yameshafika mahali pazito zaidi ya simu. Mwaka 2020 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan kuhusu kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya damu. Kwa wagonjwa weusi, kifaa kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa wagonjwa weupe. Fizikia yake si ileile ya kihisi cha simu, kwa sababu pale kuna mwanga mwekundu pamoja na infraredi na rangi ya ngozi inaingia kwenye hesabu. Lakini hadithi ni ileile: kifaa kinapima mwanga, kinauita oksijeni, na aliyekizoesha hakuwa na watu wote mbele yake.

Jipimie mwenyewe

Huhitaji maabara. Unahitaji karatasi nyeupe, kitambaa cheusi na mtu wa kumpigia. Kanuni ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kilichoponya.

Piga simu, usiweke spika ya nje, maana ukiweka spika simu nyingi hazizimi kioo kabisa. Weka simu mezani kioo kikiangalia juu. Leta karatasi taratibu kutoka juu na uangalie kioo kinazima ikiwa umbali gani. Rudia kwa kitambaa cheusi. Ukiona karatasi inazima kioo ikiwa bado juu, na kitambaa mpaka kikaribie kugusa, umeshajionea kwamba simu inapima mng’ao.

Kama hakizimi kabisa, au kimezima na hakirudi, toa kava na ujaribu tena. Bado? Pangusa sehemu ya juu kwa kitambaa laini kikavu, ujaribu tena. Bado? Bandua protekta. Bado? Washa simu katika hali salama, ile inayozima programu zote ulizoongeza mwenyewe. Ikipona hapo, mkosaji ni programu fulani. Isipopona, ndipo uende kwa fundi, na umwambie umeshajaribu nini. Kwenye simu nyingi za Samsung ukiandika *#0*# sehemu ya kupigia inafunguka menyu ya majaribio yenye vihisi ndani yake.

Wakati unasubiri, tumia hedifoni. Au nenda kwenye mipangilio ya ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na kwenye simu nyingi za Android utakuta chaguo la kukata simu kwa kitufe cha kuwashia. Kwa mwenye ugonjwa wa pili, kioo kisichorudi, hilo ni mkombozi.

Onyo moja. Baadhi ya simu hazina taa ya infraredi kabisa. Mwaka 2016 Xiaomi walitoa Mi MIX, simu ambayo kioo kilikaribia kujaza uso wote wa mbele, na badala ya kihisi cha mwanga wakatumia teknolojia ya Elliptic Labs ya Norwe: simu inatoa sauti ya juu mno ambayo sikio haliisikii, maikrofoni inasikiliza mwangwi, kama popo. Kwa simu ya namna hiyo kutafuta dirisha la kusafisha ni kupoteza muda. Safisha vitundu vya spika na maiki, kisha angalia kama kuna toleo jipya la programu.

Kibodi: inapima mazoea, inayaita usahihi

Sasa turudi kwenye soseji.

Watu wengi wanadhani kibodi ina kamusi na inakagua kama neno lipo. Haiishii hapo. Inafanya biashara ya kubashiri. Kidole ni kinene kuliko herufi, kwa hiyo kila mguso ni dokezo tu. Kibodi inajiuliza maswali mawili. La kwanza: kama mtu alitaka neno fulani, kuna uwezekano gani wa vidole vyake kugusa hapa vilipogusa? La pili: neno hilo lenyewe huandikwa mara ngapi, hasa baada ya maneno yaliyotangulia? Inazidisha majibu mawili na kuchagua neno lenye alama nyingi. Waliosoma takwimu watakuwa wameshamwona Bayes akipita hapo.

Sasa weka “Gitting” kwenye hesabu hiyo, kibodi ikiwa ya Kiingereza kama ilivyotoka dukani. Swali la kwanza linaipa Gitting alama za juu, kwa sababu ndiyo herufi kwa herufi iliyoandikwa. Swali la pili linaipa karibu sifuri, kwa sababu kibodi haijawahi kukutana nayo. Chochote ukikizidisha na karibu sifuri kinabaki karibu sifuri. “Getting” inatofautiana kwa herufi moja na Waingereza wanaiandika kutwa. Imeshinda. Kwa njia hiyohiyo Hanang inakuwa Hanging, na Iraqw inapoteza w na kugeuka nchi ya Uarabuni. Mdogo wangu hakukosea herufi hata moja. Aliandika sahihi, akasahihishwa.

Kwa hiyo kibodi nayo haipimi usahihi. Inapima mazoea, yaani ni mara ngapi watu fulani waliandika hivyo, halafu inayaita usahihi. Swali linalobaki ni watu gani.

Utasema: si aweke tu Kiswahili? Ni kweli, na hapa nazisifu kibodi kama Gboard na SwiftKey, zote mbili zina Kiswahili. Lakini kuwa nacho kwenye orodha ni jambo moja, kukimudu ni jingine, na sababu iko kwenye lugha yenyewe. Chukua kitenzi cha Kiingereza “call”. Kina maumbo manne: call, calls, called, calling. Weka manne kwenye orodha, umemaliza. Sasa chukua “pigia”. Watendaji sita (ni, u, a, tu, m, wa), nyakati nne (na, li, ta, me), na watendewa sita au bila mtendewa, hivyo saba. Sita mara nne mara saba ni 168. Ondoa yasiyosemeka, bado ni zaidi ya mia, na hatujagusa ukanusho, wala “nitakapokupigia”, wala “wasingalinipigia”, wala ngeli zisizo za watu. Kibodi inayotegemea orodha ya maneno haiwezi kuyabeba yote. Itakubashiria “nimekupigia” kwa sababu imeliona mara nyingi, na “hatujawapigia” italipigia mstari mwekundu.

Tiba inajulikana, na ni ya zamani kuliko simu janja. Badala ya orodha ya maneno, unaifundisha mashine jinsi neno linavyojengwa. Wafini wana lugha ambayo nayo inaunganisha viambishi kama vyetu, basi wakalazimika kufikiria mapema. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa mfumo wa kuchanganua maumbo ya maneno kwa kompyuta, na mwaka 1992 Arvi Hurskainen, wa hukohuko Helsinki, alichapisha namna ya kuutumia kwa Kiswahili. Kazi yake ilikua ikawa mfumo unaoitwa, amini usiamini, SALAMA, kifupi cha Swahili Language Manager. (Kwa Kifini salama maana yake ni radi, kwa hiyo jina linafaa pande zote mbili.) Yaani miaka 31 kabla ya ujumbe wa mdogo wangu, ilishaonyeshwa kwamba kompyuta inaweza kujua “tutakapowapigia” bila kuwahi kuliona.

Na si Wafini tu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Nataja hili kwa sababu tukizungumzia kibodi kuna tabia ya kuinua mabega na kusema “ndiyo teknolojia ilivyo”. Sivyo ilivyo. Ndivyo ilivyochaguliwa.

Halafu kuna lugha ya Mama. Sisi tunaongea Kiiraqw nyumbani. Kiiraqw si cha Kibantu, ni cha Kikushi, na kina sauti za kooni ambazo Kiswahili hakina. Ukikiandika unahitaji q na x, herufi mbili ambazo Kiswahili sanifu hakina kazi nazo (“xaxa” na “poa xana” tulizibuni sisi vijana). Ndizo herufi ambazo mpangilio wa kibodi tuliourithi kwenye mashine za chapa za Remington za 1874 umezitupa pembeni. Unahitaji hh, sl na tl. Na kwa sauti moja ya kooni wanaisimu kama Maarten Mous, aliyechapisha sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993, wanaandika mstari wa mshazari, “/”, kama herufi kamili. Kwenye simu mshazari uko ukurasa wa alama, na kibodi nyingi zikiuona zinaamini neno limeisha. Neno linakatwa vipande viwili, kila kipande kinasahihishwa kuwa Kiingereza. Vijana wengi ninaowajua nyumbani wanaongea Kiiraqw kutwa nzima na kuandikiana kwa Kiswahili. Siwezi kuilaumu kibodi peke yake kwa hilo, shule na redio zimo. Lakini kuandika lugha yako huku kitu kinakufuta kila baada ya neno kunachosha, na mtu akichoka anaacha.

Cha kufanya leo: ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, usikiweke badala ya Kiingereza kama unachanganya. Zima usahihishaji otomatiki lakini acha mapendekezo yaonekane, ili mashine ishauri na wewe uamue. Fungua kamusi yako binafsi ndani ya kibodi, uingize majina ya kwenu: Gitting, Katesh, Endasak, Basotu, majina ya wazazi. Ikikubadilishia neno, kwenye kibodi nyingi kubonyeza kitufe cha kufuta mara moja, palepale, kunarudisha uliloandika. Kwa maneno ya Kiiraqw unayoyatumia sana, tengeneza vifupisho humohumo kwenye kamusi. Ni dakika kumi za kazi.

Ushauri tunaopeana

Ukieleza kero hizi kwa mtu, mara nyingi utapata majibu manne kwa mpangilio uleule. Zima uwashe. Futa kumbukumbu za muda. Rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Nunua nyingine. La kwanza nalikubali, halina hasara na mara nyingine linaamsha programu iliyoganda. La pili haliwezi kuondoa wino ulio juu ya kihisi. La tatu lingemfutia Mama picha za marehemu Baba na lisingegusa tatizo hata kidogo. La nne ni gunia kadhaa za mahindi, na kama protekta mpya nayo ingebandikwa vibaya, tungeanza upya. Ushauri ambao haujauliza dalili si ushauri, ni bahati nasibu.

Kuna hoja moja dhidi yangu ninayoiheshimu. Kampuni inatengeneza simu mamilioni, haiwezi kumfikiria kila mtu, na kwa wengi inafanya kazi. Sawa. Lakini sijaomba ifikirie kila mtu. Nimeomba iache kujiamini kupita kiasi. Kihisi kinaweza kusema “sina uhakika”. Kibodi ikikutana na neno isilolijua, lenye herufi kubwa mwanzoni, inaweza kuliacha. Kunyamaza ukiwa hujui ni tabia njema kwa binadamu, na kwa mashine pia.

Na sisi je? Ile Krismasi tulifanya kosa lilelile la simu. Tuliona maongezi yanakatika, tukapima kukatika, tukakuita kutojua. Mzazi wetu alikuwa ametupa taarifa sahihi kwa sentensi moja, tukaisahihisha otomatiki.

Kwa hiyo ukienda nyumbani likizo hii, kabla hujamfundisha mtu mzima kutumia simu, mwombe akuonyeshe inavyomkatia. Shika karatasi nyeupe, piga, angalia kioo. Halafu fungua kibodi yake na uongeze jina la kijiji. Ukijaribu, tuandikie umekuta nini: aina ya kitambaa, protekta ilikuwaje, kioo kilizima au hakikuzima. Mdogo wangu ameshaingiza Gitting kwenye kamusi yake. Mama bado anaulizwa na Shangazi kama siku hizi amejifunza simu, na anajibu kwamba simu ndiyo imejifunza.